Kuta za Nyumba Zetu: Pambo au Kinga?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi hapa Mbaraki, Mombasa, baada ya Sala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, aliyetufikisha tena katika mwezi huu tukiwa na afya na imani. Rehma na amani zimshukie kipenzi chetu Mtume Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Masheikh zetu, walimu wetu wa madrasa, mama zetu mlio upande wa kina mama, na nyinyi vijana wenzangu. Kwanza naomba idhini kwa wakubwa. Mimi ni mwanafunzi tu, na hapa wameketi walionifundisha alifu kwa ujiti. Nitakalosema likawa sawa, ni kwa tawfiki ya Allah. Likiwa na kasoro, masheikh wako hapa, waniweke sawa mbele yenu, wala sitaona haya.

Mada yangu ni kuta za nyumba zetu. Najua baadhi yenu mwajiuliza, ukuta na Ramadhan wapi na wapi? Subirini kidogo. Sote twajua mwezi huu ndio mwezi wa kupaka chokaa, kubadilisha mapazia, kununua mazulia na kupamba nyumba kungojea Idi. Twapamba. Lakini ni wangapi twajiuliza tunachokitundika ukutani kiko pale kwa kazi gani?

Mada hii imetokana na maswali mawili niliyoulizwa na watu wawili tofauti.

La kwanza ni la dada mmoja wa chuoni. Dada huyu ajilipia karo kwa kazi ya kupamba nyumba za watu: ahangaikia fremu, mapazia, na picha za ukutani. Akapata mteja mwenye nyumba za kukodisha wageni, akamtaka ampambie sebule mbili kwa picha za kale za Kijapani zilizopigwa chapa kwa mbao. Ndani ya picha hizo mna mtu mwenye ndevu na macho makali, ameshika upanga, amekanyaga mashetani. Dada akauliza huyu ni nani. Akaambiwa, "Ni mlinzi wa nyumba kwa imani zao, lakini kwetu ni pambo tu." Pesa ya kazi ile ingemtosha karo ya muhula mzima. Akaniuliza, nifanye au niache?

La pili ni la kijana aliyeoa juzijuzi. Amekaa na mke wake katika nyumba ya mamake. Mama ametundika hirizi juu ya mlango wa chumba chao, na fremu ya maandishi na tarakimu ndani ya miraba. Bibi arusi, ambaye amesoma, akapanda kiti akaziondoa zote siku moja bila ya kuuliza. Tokea siku hiyo nyumba haikaliki. Mama amwambia mwanawe, mkeo ametufungulia mlango wa balaa. Mke amwambia mumewe, mamako afanya shirki. Na yeye yuko katikati.

Nilipoyaangalia maswali haya mawili niliona ni swali moja. Mmoja aambiwa ya wageni ni pambo tu. Mwengine aambiwa ya kwetu ni kinga. Hivyo basi tuyatazame yote mawili.

PICHA ZENYEWE NI ZA NINI

Japani, katika zama ziitwazo za Edo, baina ya mwaka 1603 na 1868, watu walikuwa na ufundi mkubwa wa kuchapa picha. Mchoraji achora kwenye karatasi nyembamba. Fundi wa kuchonga aibandika karatasi ile juu ya ubao wa mti wa mcheri, akachonga akaacha mistari imesimama. Kisha mchapaji apaka rangi, aweka karatasi juu, na kuisugua kwa mkono. Tokea mwaka 1765 walizidi kuendelea, wakawa watumia ubao mbali kwa kila rangi, ndipo zikatoka picha za rangi nyingi. Zilikuwa rahisi, mtu wa kawaida aweza kununua.

Nyingi zilikuwa picha za mandhari, za waigizaji na za mapambano. Lakini nyengine zilinunuliwa kwa kazi maalumu ya kulinda nyumba. Yule mwenye ndevu na upanga jina lake Shoki. Asili yake ni hadithi za Uchina, na husemwa kuwa ni mwenye kuwakamata mashetani. Ulipoingia ugonjwa wa ndui, watu walinunua picha zilizochapwa kwa rangi nyekundu, Shoki akiwa mmoja wa wanaochorwa, wakaziweka karibu na mtoto mgonjwa, kwa itikadi kuwa shetani wa ndui huiogopa rangi hiyo.

Wala hayo si mambo ya zamani pekee. Mwaka 1846 ilichapwa Japani picha ya kiumbe wa baharini mwenye mdomo wa ndege, waitwa Amabie. Ilisemwa kuwa kimetabiri maradhi, na kikataka watu waonyeshane sura yake. Mwaka 2020, ilipoingia korona, picha hiyo ilifufuka ikaenea nchi nzima, hata wizara yao ya afya ikaitumia katika tangazo la kuwahimiza watu wazuie maambukizi. Nchi yenye viwanda na hospitali kubwa kama zile! Hofu ikimwingia binadamu, haiangalii amesoma kiasi gani.

Nataka tukumbuke neno hilo, hofu, kwani tutarudi kwake.

Na kuna jambo jengine la kuzingatia. Chanjo ya ndui ilipofika Japani mwaka 1849, madaktari wao walitumia ufundi ule ule wa chapa za mbao. Walichapa picha ya mtoto amepanda ng'ombe mweupe, anamfukuza shetani wa ndui, kwa sababu chanjo ile asili yake ni ugonjwa wa ng'ombe. Picha hiyo ilikuwa ni ya kuwaelimisha wazazi wawapeleke watoto wakachanjwe. Ndui ilikwisha duniani kwa chanjo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana hapa kwa jirani zetu, mji wa Marka, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ndui imeondoka. Picha nyekundu zilitundikwa miaka na miaka, na ndui haikuondoka kwa ajili yake.

YA KARIBU NASI: VIGANGO

Sasa tusicheke, tukasema ni Wajapani hao. Tuvuke Nyali twende Kilifi.

Ndugu zetu Wagiriama wana vigango. Kigango ni nguzo ya mbao ngumu, iliyochongwa kwa pembetatu ndogo ndogo, ina kichwa na kiwiliwili. Husimamishwa kwa ajili ya mzee aliyefariki ambaye alikuwa katika chama cha wazee kiitwacho Gohu. Kwa mila zao, roho ya mzee yule yakaa pale na huwalinda watu wake, na kigango kikishasimamishwa hakiondolewi mahali pake.

Je, vigango vingi viko wapi leo? Viliibwa. Kuanzia miaka ya 1970 vikawa bidhaa, vikapitia kwa wauzaji wa vitu vya sanaa, na mamia yake yakaingia Marekani, mengine katika makumbusho, mengine katika sebule za matajiri, yamesimamishwa kando ya kochi. Pambo! Mwaka 1985 mzee mmoja wa upande wa Kaloleni alipigwa picha na mtafiti, amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Baada ya muda mfupi vikaibwa. Miaka mingi baadaye mtafiti yule yule alivitambua, kimoja katika makumbusho ya Illinois na chengine katika makumbusho ya chuo cha Hampton, Virginia. Vikarudishwa baina ya mwaka 2006 na 2007, na mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver nayo yakatangaza kuvirudisha vigango 30.

Sisi Waislamu hatuitakidi kuwa roho ya maiti yakaa ndani ya mti. Hilo halina mjadala. Lakini wizi ni wizi hata ukimwibia asiyekuwa wa dini yako, na kununua mali uliyoijua kuwa ni ya wizi ni kumsaidia mwizi. Na katika Suratul An-aam, aya ya 108, Allah atukataza kuvitukana wanavyoviomba wengine, wasije wakamtukana Yeye kwa ujinga. Kwa hivyo mtu asiseme "hiki si chochote" akakifanyia mzaha, na jirani yake amekililia.

Tukipatilie funzo moja hapa. Kitu cha ibada ya watu hakigeuki kuwa pambo kwa sababu tu wewe umekibadilisha mahali. Yule tajiri wa Marekani alidhani ana nguzo nzuri sebuleni. Alikuwa na ukumbusho wa mtu aliyefariki.

HAPA HAPA MBARAKI

Tumevuka, sasa turudi nyumbani. Mwajua nyote mnara wetu wa Mbaraki, huu wa mawe ya matumbawe, karibu na bandari. Vijana wengi waupita kila siku na hawaujui habari zake.

Kwa maelezo ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, palikuwa na msikiti pale katika karne ya 15, kisha ukaachwa, ukawa magofu. Mnara wenyewe ulijengwa kabla ya mwaka 1700, na watu wakawa waenda pale kuomba mvua na kuomba baraka, kwa itikadi kuwa ndani mna pepo mwenye nguvu. Watu walipeleka ubani na marashi ya mawaridi. Alhamdulillah, msikiti ulijengwa upya na watu wasali.

Fikirini jambo hilo. Ni kiwanja kimoja. Kilianza kwa sijda, watu wakahama, kikawa cha pepo, kisha kikarudi kwa sijda. Mawe ni yale yale, matumbawe ya bahari hii hii. Kilichobadilika ni nyoyo za watu wanaofika pale na wanachokitaka. Sisi kama vijana wa Mbaraki twapaswa kuuhifadhi mnara ule, kwani ni athari ya wazee wetu na umewekwa chini ya sheria ya nchi. Tusiuandike majina yetu, tusiubomoe. Na tusiuombe chochote.

KUTANI MWETU

Sasa tuingie ndani, majumbani mwetu. Hapa ndipo penye uzito, kwani kumkosoa Mjapani ni rahisi.

Tembea Mji wa Kale utazame milango ya kuchonga. Utaona mawaridi, samaki, na mnyororo uliozunguka fremu, na juu ya baadhi ya milango pamechongwa aya au jina la Allah. Muulize mzee, atakwambia mnyororo ule ni wa kuilinda nyumba. Ingia nyumba za kale utaona zidaka ukutani, zimepangwa sahani na mabakuli ya Kichina. Pambo zuri, lakini wako walioamini pia kuwa sahani huzuia jicho la hasidi, na ikipasuka yenyewe husemwa imebeba balaa la mwenye nyumba.

Njoo katika picha. Sote tumeziona picha za Buraq, zilizokuwa zikitundikwa katika nyumba nyingi za pwani: mnyama mwenye mbawa na uso wa mwanamke, ana taji kichwani. Watu waliitundika kwa baraka. Lakini ukirudi kwenye hadithi sahihi za Israa na Miraji utakuta Buraq ametajwa kuwa ni mnyama mweupe, mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko nyumbu, hatua yake hufika upeo wa macho yake. Uso wa mwanamke haumo, taji halimo. Wachoraji walilitia wao, na sisi tukalipigia msumari.

Na leo? Leo tuna Ayatul Kursi ya dhahabu ya plastiki, yenye saa katikati na taa zinazowaka, imetengenezwa Uchina. Tuna jicho la buluu la kioo, lililoletwa kutoka Uturuki, latundikwa kwenye gari na kwenye kitanda cha mtoto. Vijana waliosoma, wanaomcheka bibi yao kwa hirizi ya ngozi, wavaa jicho la buluu mkononi na kusema ni fesheni! Jamani, hirizi ya bibi na jicho la buluu zina tofauti gani? Moja yauzwa kwa mwalimu, nyengine yauzwa dukani na ina bei iliyobandikwa.

DINI YETU YASEMAJE

Nitataja mambo manne kwa ufupi, na masheikh wataongeza.

La kwanza ni la picha. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alirudi safarini akakuta Bibi Aisha (R.A.) ametundika pazia lenye picha. Hakuridhika nalo. Pazia likakatwa, likafanywa mito ya kuegemea. Tazameni hekima hiyo. Kitambaa hakikutupwa, mali haikuharibiwa. Kiliondolewa mahali pa kutukuzwa kikapelekwa mahali pa kutumiwa. Wanavyuoni wengi wamechukua hapa kuwa picha ya chenye roho haitundikwi kwa kuadhimishwa. Ikiwa picha ya kawaida hali yake ni hiyo, basi picha ya kinachoabudiwa ni nzito zaidi.

La pili ni kisa cha Dhatu Anwat. Maswahaba waliosilimu karibuni walipokuwa waenda Hunayn waliona mushrikina wana mti, watundika silaha zao juu yake kwa kutaka baraka. Wakamuomba Mtume (S.A.W.) nao awawekee mti kama ule. Mtume (S.A.W.) akawakemea, akalifananisha ombi lao na la Bani Israil walipomtaka Nabii Musa (A.S.) awafanyie mungu. Walikuwa Waislamu, tena waenda jihadi. Hawakutaka kuabudu mti, walitaka kutundika tu. Na bado wakakatazwa.

La tatu ni Sayyidna Umar (R.A.) alipolibusu Jiwe Jeusi. Alitamka hadharani kuwa ajua lile ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba albusu kwa kumfuata Mtume tu. Ikiwa jiwe la Al-Kaaba lasemwa hivyo, basi fremu ya sebuleni kwako ni nini?

La nne ni la hirizi. Kuna makemeo makali ya Mtume (S.A.W.) juu ya kuvaa hirizi na kuzitegemea. Ama iliyoandikwa Qur'ani tupu, hapo wanavyuoni wamekhitalifiana tokea zama za maswahaba. Imepokewa kuwa Abdullah bin Amr bin Al-As aliwaandikia dua watoto wake wadogo wasioweza kuihifadhi, akawatundika. Na Abdullah bin Masoud alichukia jambo hilo kabisa, hata alipoona uzi shingoni mwa mkewe Zaynab aliukata. Hapa kwetu Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na kufariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiswahili katika gazeti lake Al-Islah, mwaka 1932, akiwaamsha watu juu ya itikadi za uzushi. Kwa hivyo vita hivi si vigeni. Lakini miraba ya tarakimu na majina yasiyojulikana maana yake hayamo katika khitilafu hiyo. 

MASWALI MATATU

Kwa ajili ya wepesi, nimeyakusanya katika maswali matatu. Kila unapotaka kutundika kitu, jiulize:

Kwanza, kitu hiki kwa wenyewe ni nini? Kama ni cha ibada yao, kiache, hata kiwe kizuri vipi. Na kama kimepatikana kwa dhulma, kirudishe.

Pili, kiko pale kwa nini? Kwa kupendeza, kwa kukumbusha, au kwa kulinda?

Tatu, na hili ndilo zito: kikianguka usiku kikavunjika, moyo wako utafanya nini? Ukisema "nitanunua chengine," hilo ni pambo. Ukishindwa kulala, ujue moyo wako ulikuwa umeegemea pale.

Swali hilo la tatu lamhusu hata mwenye Ayatul Kursi ya plastiki. Nawakumbusha kisa kilichotokea katika mwezi kama huu. Abu Hurayra (R.A.) aliwekwa kulinda zaka ya Ramadhan. Usiku akamkamata mwizi, akamwachilia kwa huruma, mara mbili. Mara ya tatu mwizi yule akamfunza asome Ayatul Kursi anapolala, atakuwa na mlinzi kutoka kwa Allah mpaka asubuhi. Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa amesema kweli, ingawa yeye ni mwongo, naye alikuwa shetani. Nini alichofunzwa Abu Hurayra? Asome. Shetani mwenyewe alijua kuwa kinga iko katika kisomo. Sisi twaitundika juu ya televisheni, twaangalia tamthilia mpaka saa sita, twalala bila ya kuisoma hata mara moja, kisha twasema nyumba ina kinga.

MAJIBU YANGU

Kwa yule dada wa chuoni. Dada yangu, picha ya Shoki usiitundike, wala usiitafutie fremu. Kwa wenyewe ni mlinzi anayetegemewa, na kuambiwa ni pambo tu hakuigeuzi. Najua karo ni karo, na wala sitakwambia kuwa ni jambo dogo. Lakini usirudi kwa mteja mikono mitupu. Mpelekee la badala. Wajapani hao hao wana mandhari za ajabu. Hokusai, aliyefariki mwaka 1849, alichora mlima Fuji mwekundu chini ya mbingu ya buluu, hapana mtu wala mnyama ndani yake. Kuna mvua, kuna theluji, kuna miti. Na kama mteja ataka chetu, mwonyeshe nakshi za milango ya Mji wa Kale, zichapwe kwenye karatasi nzuri. Akikubali, umepata riziki. Akikataa, mwenye kuacha kitu kwa ajili ya Allah hapotezi, na chama chetu kina ndugu wa kuulizana habari za karo bila ya kuaibishana. Tena kujifunza habari za picha zile, kuzisoma kitabuni, ni elimu, si dhambi. Nami nimezisoma ndio maana nikaweza kukujibu.

Kwa yule kijana na mke wake. Hapa nataka kina mama wanisikize, na vijana wanisikize zaidi.

Bibi arusi hukmu yake ilikuwa na msingi, njia yake haikuwa. Nabii Ibrahim (A.S.) aliyavunja masanamu, lakini alipozungumza na babake, katika Suratu Maryam, kila sentensi ameianza kwa kumwita babake kwa upole. Hata alipotishwa kupigwa mawe alijibu kwa salamu. Sisi twajifunza kuvunja, twasahau kuita.

Kabla ya kuiondoa hirizi ya mama, muulizeni mama ni nini akiogopacho. Kaeni naye, mumpe chai, mumsikize. Nyuma ya hirizi nyingi za mji huu mna kaburi la mtoto. Mama amezaa, homa ikaja usiku, hapakuwa na gari wala pesa ya daktari, asubuhi ukachimbwa mwanandani mdogo. Alipopata mimba nyengine akaambiwa na watu, tundika hiki. Alitundika, mtoto akaishi. Na mtoto huyo ndiye wewe, kijana, unayemwambia mamako ni mshirikina! Nyuma ya hirizi ile mna hofu ile ile niliyowaambia muikumbuke, ile iliyowafanya Wajapani wanunue picha nyekundu. Ukiondoa hirizi ukaiacha hofu, atakwenda kutundika nyengine, mara hii atakuficha.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Mwombeni radhi mama kwa kuondoa bila ya idhini yake. Mleteni mwalimu anayemheshimu amweleze, asiambiwe na mkwe. Kisha ile kinga mnayoisema, muilete kweli nyumbani. Baada ya Magharibi kaeni pamoja, mama na mwana na mkwe, msome Ayatul Kursi na Qul tatu. Isomeni Suratul Baqara humo nyumbani, kwani Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa shetani huikimbia nyumba inayosomwa sura hiyo. Na mtoto akizaliwa, In Shaa Allah, pale palipokuwa hirizi mtundike chandarua, muifuate kadi ya chanjo, na homa ikiingia muende hospitali usiku huo huo. Mtume (S.A.W.) alimfunza mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Mama akiona mwafunga ngamia na mwategemea, moyo wake utatulia wenyewe.

Na wewe mama, nakuomba kwa adabu ya mtoto wako. Mkweo hakukuletea balaa. Alipotoa kitu kile alikuwa awatakia kheri, na huenda yeye ndiye dua yako iliyojibiwa ya kutaka nyumba yenye Qur'ani.

KHATIMA

Ndugu zangu, jioni ya leo tukirudi kufuturu, kila mmoja aangalie ukuta wake. Sisemi mng'oe kila kitu. Mawaridi ya milango yetu ni mazuri, sahani za zidaka ni nzuri, khati nzuri ya Kiarabu yaliwaza jicho, na Allah ni mzuri apenda uzuri. Zibakie. Yaulizeni yale maswali matatu, na la kubaki libaki likiwa pambo, na kinga muitake kwa mwenye kinga. Na kila aya iliyo ukutani kwako, ifanye iwe pia ulimini mwako kabla Ramadhan haijatuaga.

 Ewe Mola wetu, zilinde nyumba zetu, watoto wetu na mji wetu kwa ulinzi wako usiolala. Waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotutangulia, wape kina mama waliofiwa na watoto malipo mema ya subira, na utukubalie funga zetu na sala zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.